Kura ya Hapana ya Marehemu Dada Hulda

Innerfluh, 9 Agosti

Kwa Bwana Jakob Germann,
Mwenyekiti wa Bodi,
Kampuni ya Lifti ya Viti ya Fluhhorn,
Innerfluh.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: HISA NAMBA 88 YA MAREHEMU HULDA RIEDER, NA MALALAMIKO YANAYOAMBATANA NAYO

Naomba radhi kwa ukimya wangu. Barua yenu ya kwanza ilifika theluji ikiwa bado juu ya paa, ya pili ilifika maua ya mitufaha yakipukutika, na ya tatu imenikuta nikikata nyasi kwa mara ya pili mwaka huu. Zote zimesimama nyuma ya saa ya mezani, na kila nikitazama saa huona barua. Mtu aliyekuwa karani wa kijiji hiki kwa muda mrefu kama mimi, akawaandikia wenzake kuwakumbusha wajibu wao mpaka wakawa wanavuka barabara wakimwona, hana udhuru. Sikunyamaza kwa uvivu. Nilikuwa natafuta maneno ya upole, nayo yalichelewa kuja.

Najua ungependa nikuite Köbi, kwa kuwa tulikaa dawati moja na kila Alhamisi tunacheza karata meza moja. Alhamisi iliyopita ulinitania mbele ya watu wote: "Godi, madirisha yetu yanatazamana. Si ufungue lako uniambie tu?" Malalamiko rasmi hayapigiwi kelele dirishani. Barua hii inakwenda kwa Mwenyekiti. Köbi na aendelee kuchanga karata zake.

Kwa ajili ya faili, jambo lenyewe ni hili. Dada yangu Hulda alifariki Januari nyumbani kwake Egg, katikati ya mlima, akaacha hisa moja ya kampuni yenu. Warithi wake ni watatu: mimi, mdogo wangu Werner, aishiye Thun, na Regula, binti wa marehemu dada yetu Berta. Mnatutaka tumteue mmoja wetu awe mwakilishi wa hisa hiyo, na tukishindwa, tuirudishe kwa kampuni mwishoni mwa Septemba, na jina la Hulda lifutwe katika rejesta. Hilo la kufuta ndilo linaloniuma. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Barua zote tatu zimeandikiwa marehemu mwenyewe. Zinaanza kwa "Mpendwa Mwanahisa Bibi Rieder", zinamtakia majira mema mlimani, kisha zinamwomba ataje ni nani kati ya warithi wake atakayemwakilisha. Nilikwenda kwa Katibu wenu, Bi Annelies Zumkehr, kumweleza kwamba anayeulizwa hawezi kujibu. Akanijibu bila kuinua macho: "Kompyuta haina nafasi ya marehemu, Godi. Ina Bwana, Bibi, na Kampuni. Unataka awe Kampuni?" Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri. Sitaki.

2. Kanuni ya tisa ya kampuni inasema: hisa moja, sahani moja ya chakula mkutanoni; mtu mmoja, mkono mmoja. Kanuni hii inawatesa warithi watatu wasio na hatia.

Tulikutana jikoni kwa Hulda kutafuta suluhisho. Werner alikuja amevaa koti, na hakulivua. "Uzeni," alisema. "Karatasi moja, watu watatu! Sisi hata kitanda cha utotoni hatukuweza kulala watatu bila mmoja kudondoka." Regula, ambaye ni muuguzi na hulala mchana, alisema yeye anataka tiketi ya bure tu ya siku moja kwa mwaka ateleze kwenye theluji na ubao wake, kura hawezi, kwa sababu mikutano yenu humkuta kazini. Nikapendekeza tugawane: Werner ale, Regula apande, mimi nipige kura. Lilionekana pendekezo la haki. Bi Annelies alipolisikia dukani, mbele ya watu waliokuwa wakinunua mkate, alisema: "Hisa haikatwi vipande kama soseji, Godi, na wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

Ni kweli. Kanuni ya tisa niliipendekeza mimi, mwaka ule ukoo wa Inniger ulipokuja mkutanoni na hisa moja, bibi mmoja na watoto saba, viazi vikaisha kabla ya kufika meza ya bodi. Sikatai. Lakini niliipendekeza kwa ajili ya akina Inniger.

Ugumu wangu ni huu. Mimi nina hisa yangu mwenyewe, na tangu nianze kuhudhuria mikutano yenu sijawahi kupiga kura nyingine isipokuwa ndiyo. Karani hupiga ndiyo. Nikiichukua hisa ya Hulda nitakuwa na hisa mbili na mkono mmoja. Nilimweleza Werner hivyo, akacheka akashika meza. "Utainua wa kulia kukubali na wa kushoto kupinga," alisema, "kama askari wa barabarani. Watoto watapita!"

3. Katika mkutano wa Mei, meza yetu, ile iliyo chini ya goli la mpira wa kikapu, haikupata haradali. Naelewa kwamba ukumbi wa shule si hoteli, na kwamba sahani hugawiwa katikati ya hesabu kwa sababu viazi havimsubiri mkaguzi. Lakini soseji bila haradali ni adhabu. Niliomba kwa namna tuliyofundishwa shuleni, bila kufungua kinywa, kwa subira kubwa. Mhudumu hakuja. Soseji niliila kavu. Ningeliacha jambo hili kama lingekuwa peke yake.

4. Sasa nafika kwenye kiini.

Wewe na mimi tunajua kura ya Hulda ilikuwa nini. Mwaka ule kampuni ilipoanzishwa, mlipita nyumba kwa nyumba na mchoro wa rangi. Katika mchoro huo lifti inaanzia kijijini na kuishia juu Fluhhorn, na katikati, hasa pale Egg, kuna kibanda kidogo chenye bendera nyekundu: kituo cha kati. Hulda alinunua hisa kwa fedha ya mayai, akautundika mchoro jikoni, akasubiri kibanda chake. Nguzo zilijengwa, waya ukavutwa, viti vikaanza kupita juu ya paa lake, miguu ya watu wa Bern ikining'inia juu ya kuku wake. Kibanda hakikujengwa. Bodi ilisema kwamba kitajengwa fedha zikipatikana. Zilipopatikana, bodi ilijenga mkahawa.

Tangu hapo, kila mwaka, hesabu zikishasomwa, alisimama akauliza: "Na kituo cha kati?" Kila mwenyekiti, na wewe ukiwa wa nne, alimjibu: "Tumelipokea, Hulda." Yeye alikaa, na ulipofika wakati wa kura aliinua mkono akapinga. Alikuwa peke yake. Watu waliacha hata kugeuka. Mimi, niliyeketi kando yake miaka yote hiyo, nilikuwa na desturi ya kutazama sahani yangu kwa makini mpaka ashushe mkono. Sijui mtu yeyote Innerfluh anayezijua saladi za viazi za mikutano yenu kuliko mimi.

Sasa nimepokea kumbukumbu za mkutano wa Mei, zenye sahihi yako. Zinasema: "Hesabu zilipitishwa, kura moja ikipinga."

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwezi wa Mei Hulda alikuwa nyuma ya kanisa, chini ya begonia nilizompandia mwenyewe. Hakuna mtu mwingine Innerfluh anayepinga. Nilikuwapo. Nilipiga ndiyo yangu kama kawaida. Nilikuwa nimeketi mahali pazuri kuliko mtu yeyote, kando kabisa ya kiti chake, ambacho kiliachwa kitupu kwa heshima. Uliposema, "Wanaopinga?" ukumbi mzima uligeuka kutazama upande wetu. Uma zilinyamaza. Nawe ulikunywa maji, ukaweka glasi chini taratibu. Nilifarijika kuona jinsi alivyokumbukwa. Bi Annelies alitazama, akainamisha kichwa, akaandika.

Maelezo ni ya namna moja tu. Aliandika kwa mazoea. Mkono wake umeandika sentensi ile miaka mingi mno hata hauhitaji tena mtu wa kupinga.

5. Unaweza kudhani naomba kumbukumbu zisahihishwe. Hapana. Naomba zifuatwe.

Kama Hulda alipiga kura mwezi Mei, basi alikuwapo. Kama alikuwapo, alistahili sahani, na sahani hakuletewa. Nami nilikuwa pale, ningeiona. Kama alikuwapo, alistahili pia tiketi yake ya siku moja. La muhimu zaidi: mtu anayepiga kura Mei hakufa Januari kwa mujibu wa kampuni, na kama hakufa kwa mujibu wa kampuni, basi kwa mujibu wa kampuni hakuna warithi, na kama hakuna warithi, mwakilishi mnayemdai ni wa nani? Mtu aliye hai hujiwakilisha mwenyewe. Rejesta na ibaki kama ilivyo mpaka yeye mwenyewe aandike kujiuzulu.

Mkisema alikufa, kama mchungaji na mimi tunavyoamini, basi kumbukumbu si za kweli. Kumbukumbu zisizo za kweli haziwezi kupitisha hesabu. Hesabu zisizopitishwa haziruhusu bajeti ya kiangazi, na bila bajeti ya kiangazi lifti inazunguka tangu Juni bila idhini ya mwanahisa yeyote. Katika hali hiyo sina budi kukutaka uisimamishe leo. Walioko juu washushwe kwanza, kwa adabu, wenye watoto wakitangulia. Waliokwisha kushuka kiangazi hiki waandikiwe barua kujulishwa kwamba walipanda isivyo halali. Niko tayari kuziandika. Nina muda na nina mihuri ya zamani.

Nimezipitia hatua hizi mara kadhaa nikitafuta kosa. Sikuliona.

6. Nitamaliza kwa jambo dogo. Tulipokuwa tukiondoa vitu Egg, Regula alifungua kopo la biskuti akakuta tiketi zote za bure alizowahi kupewa Hulda, za kila mwaka, zimefungwa kwa uzi wa kufumia. Hakutumia hata moja. Regula akauliza, "Mjomba, aliogopa?" Hakuogopa. Nilimuuliza mwenyewe wakati fulani, akanijibu: "Nishuke kwa miguu mpaka kijijini, nipandishwe, nipite juu ya bomba langu mwenyewe la moshi, nifike juu, kisha nitembee kushuka nyumbani? Godi, mimi nina kuku, sina wazimu."

Regula aliketi sakafuni na kopo lile mapajani. Baadaye akasema: "Kumbe alikuwa anataka kupanda." Halikuwahi kunijia wazo hilo. Nilidhani alikuwa anataka kupinga.

Mchoro wa rangi uko kwangu sasa. Bendera imepauka, lakini kibanda kinaonekana. Jina la Hulda likifutwa katika rejesta, hapatakuwa na mtu mkutanoni wa kuuliza swali lile, na nadhani wewe na bodi mtalala vizuri zaidi. Mimi sitalala.

Kwa sababu zote hizo naomba, kwa heshima:

Kwanza, kumbukumbu za Mei zisiguswe.

Pili, marehemu abaki katika rejesta kama mwanahisa anayepiga kura, kwa kuwa kampuni imekwisha kumkubali katika hali hiyo.

Tatu, kiti chake kiwekwe kila mwaka mahali pale pale, pamoja na sahani. Ikionekana ni hasara kumwekea sahani asiye na haja nayo, mimi ninayeketi jirani niko tayari kuishughulikia, bila kukiuka kanuni ya tisa, kwani nitakuwa nakula kwa niaba.

Nne, haradali.

Nisalimie wajumbe wote wa bodi. Bi Annelies, ambaye simlaumu. Fundi wa mitambo, ambaye alisimamisha viti vile siku ya mazishi mpaka jeneza likapita chini yake, jambo ambalo hakuna kanuni iliyomtaka alifanye. Na mkeo Trudi, umwambie keki yake ya plamu ilifika na sahani nitairudisha.

Wako katika utii wa kanuni,

Gottfried Rieder
Karani mstaafu, mwanahisa namba 87

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha. Imenibidi niifungue kwa mvuke.

Kwa kuwa barua inamtaja Bi Annelies, niliona si haki kuituma kabla hajaisoma. Nilimpelekea ofisini asubuhi. Aliisoma amesimama. Kifungu cha tatu alitabasamu, na cha nne akavua miwani.

"Godi," alisema, "mkono ulikuwa wako."

Nilimwambia kwamba mkono wangu ulikuwa unaomba haradali.

"Ulikaa juu mpaka Köbi akamaliza glasi nzima ya maji. Nani anaomba haradali namna hiyo?"

Nikasema kwamba, hata hivyo, nilikuwa nimekwisha kupiga ndiyo. Akasema sikupiga. Wakati wa ndiyo nilikuwa nikikata soseji, na kiti kilichokuwa kando yangu nilikuwa nimekiegemezea kiwiko. Ukumbi mzima uliona. Haukugeuka kutazama kiti. "Tulidhani umeamua," alisema. "Nani angekuuliza? Watu walitoka wakinong'ona: Godi kapinga! Köbi mwenyewe aliniambia, Andika, Annelies, andika upesi kabla hajaushusha."

Kwa hiyo aliyeandika kwa mazoea si yeye. Aliyekumbuka kwa mazoea ni mimi. Vifungu vya nne na vya tano naviondoa pamoja na hitimisho lake. Lifti iendelee kuzunguka. Wasishushwe.

Nimempigia Werner simu, kwa kuwa alistahili kujua. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema: "Basi tumepata mwakilishi. Kaka, hisa usiiuze." Regula anasema atatia sahihi popote tutakapomwonyesha, ila tiketi ya mwaka huu anataka tupande naye wote wawili, mimi na yeye, tukashuke kwa miguu mpaka Egg.

Sijakubali. Mkono ulioinuliwa kwa ajili ya haradali si uteuzi, na mtu aliyepiga ndiyo maisha yake yote hapaswi kubadilishwa na mhudumu aliyegeukia upande mwingine. Nahitaji kulifikiria, na uamuzi ukipatikana nitakuandikia. Itakuwa kabla ya mwisho wa Septemba, na safari hii sitachelewa.

Kwa sasa kumbukumbu za Mei zibaki kama zilivyo, kwa kuwa ni sahihi. Na katika ajenda ya mwaka ujao, baada ya hesabu, mahali pake pa siku zote, naomba uweke swali ambalo nitalisoma nikiwa nimesimama: Na kituo cha kati?